Ukuta wa Bi Mwanaesha na Rangi ya Kurudisha Jua

Ukuta usiopigwa na jua hauhitaji rangi ya kurudisha jua. Neno hili nimelisema barazani, nimelisema juu ya ngazi, nimelisema kwa simu na watu walioko Mombasa na Nairobi. Na bado mwezi uliopita nilipita kichochoro kimoja cha mtaa wa Mkomani hapa Lamu, ambacho punda wawili hawapishani, nikamkuta kijana wa kazi yetu anapaka rangi hiyohiyo kwenye ukuta ambao tangu ujengwe haujaonja jua. Nikamwuliza hilo joto analolirudisha linatoka wapi. Akanijibu, "Mzee, si umestaafu? Pumzika." Basi nimerudi kwangu Wiyoni, nimekaa, naandika. Haya ndiyo mapumziko yangu.

Nilikuwa fundi wa chokaa na rangi maisha yangu yote ya kazi. Nimeacha kwa sababu mkono wa kulia haunyanyuki tena kupita sikio, na fundi wa rangi asiyefika juu ya sikio lake anafaa kupaka viti. Vijana niliofanya nao kazi walifurahi nilipoacha. Furaha ikawaisha walipogundua kwamba miguu bado ninayo, maana kila wanapoegemeza ngazi mimi hutokea. Mmoja wao ndiye aliyenambia niandike. Nadhani alitaka nipate shughuli ya kunizuia nyumbani.

Baba yangu alinivusha kutoka kisiwa cha Pate kuja Amu, kama tuiitavyo Lamu, kunikabidhi kwa Fundi Shee, ambaye naye alikuwa mtu wa Pate na hakuna jengo kubwa mjini ambalo hakulipaka. Nilikuja nimevaa shati jipya, nikidhani nitapewa brashi. Nilipewa chekeche na shimo. Ndani ya shimo mlikuwa na chokaa iliyochomwa kwa mawe ya matumbawe na magogo, ikazimwa kwa maji, ikaachwa ilale mpaka iwe laini kama samli iliyoganda. Kazi yangu ilikuwa kuichota, kuichuja, kuondoa punje zilizokataa kuyeyuka, na kuifunika tena. Nilifanya hivyo muda mrefu sana. Nilipouliza brashi nitapewa lini, Fundi Shee alisema, "Brashi utaipata ukiyua kungoja." Nilimchukia kidogo siku ile. Baadaye niliziona kuta za mafundi wenye haraka, zile punje zikipasuka zenyewe ndani ya ukuta na kuacha vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na chuki ikanitoka.

Brashi zenyewe tulizitengeneza kwa makumbi ya nazi. Tulilowesha ukuta kwanza, kisha tukapaka chokaa nyepesi hata mwenye nyumba akadhani tunamwibia, kwa sababu ikiwa mbichi haionekani. Asubuhi yake ukuta ulikuwa mweupe. Anayepaka nzito ili aonekane amefanya kazi, chokaa yake haishiki. Ukimwona mwanamke amepita na buibui lenye mgongo mweupe, jua kuna fundi mahali alikuwa na haraka ya kwenda kunywa kahawa.

Jambo jingine nililofundishwa mapema halikuhusu chokaa. Nyumba za Amu zimefunga macho upande wa nje na kuyafungua ndani. Wanawake wanapika, wanafua na kusukana kwenye viwanda vyao, zile nyua za ndani, na kwenye madari, yale mapaa bapa, na mtu aliye juu ya ukuta huona yote. Kwa hivyo fundi hapandi kimya. Anasimama chini, anaita, "Hodi, fundi yuu!", anangoja ajibiwe au asikie milango ikifungwa, ndipo anaweka mguu kwenye ngazi. Siku moja niliita nikapanda papo hapo. Fundi Shee aliniteremsha, akanirudisha nyumbani, akanambia, "Rangi mbovu hukwanguliwa. Mato yakishaona, utayakwangua na nini?" Vijana wa leo wanaita wakiwa wameshafika juu, tena wana simu mkononi. Sisemi zaidi, presha yangu haipendi.

Fundi Shee, Mungu amrehemu, alikufa kabla ya rangi za plastiki kutushinda. Ziliingia mjini katika makopo mazuri yenye picha za nyumba ambazo hazifanani na zetu, na kila mtu akazitaka. Mimi nilizipaka, maana fundi hupaka alichoambiwa, lakini niliwaeleza wenye nyumba mpaka koo likakauka. Ukuta wa matumbawe unakunywa maji kutoka chini na kutoka angani, kisha unayatoa taratibu. Ukiuvisha plastiki, maji yanakosa pa kutokea, chumvi inasukuma kutoka ndani, rangi inavimba na kubanduka vipande vipande. Walinijibu kwamba jirani kapaka na amependeza. Baada ya mvua za masika waliniita tena, wakaniuliza kwa nini rangi yangu imebanduka. Rangi yangu.

Ndipo ikaja hii ya kurudisha jua. Sitaki mtu aseme kwamba naipinga. Mwuzaji wake alikuja na vipande viwili vya bati, kimoja kimepakwa na kingine hakikupakwa, akavianika juani pale gatini, zinapofunga mashua, akatuacha tunywe soda, kisha akatuambia tuguse. Cha kwanza niliweka kiganja nikakiacha hapo. Cha pili niliondoa mkono nikaupuliza. Hapo hapana ubishi. Akatueleza pia kwamba si lazima iwe nyeupe, kwamba huko inakotengenezwa wanatia rangi za aina yake, kijani, samawati, hata kahawia, na bado sehemu kubwa ya joto inarudi ilikotoka kwa sababu joto jingi la jua halionekani kwa macho. Hilo nililishuku, nikalijaribu kwenye ukuta wa jiko langu hapa Wiyoni, ambao ni wa matofali ya saruji na hupigwa na jua tangu adhuhuri. Nyeupe ilishinda, lakini ile ya rangi haikuaibika.

Lakini mtu anaweza kukupa kitu kizuri nawe ukakitumia kama kichaa. Nimewaona wanaoipaka ndani ya chumba, ati ilizuie joto lisiingie, na joto limeshaingia zamani. Nimewaona wanaoiongeza maji ili ifike mbali. Nimewaona wanaonunua nyeupe ya kurudisha jua kisha wanakoroga ndani yake wino mweusi wa dukani ili ifanane na mlango, na hapo umejipakia joto kwa mkono wako mwenyewe. Wako wanaoipaka juu ya vumbi na ukoga. Wako waliofanya kila kitu sawasawa, kisha hawakuiosha tena mpaka ukuta umekuwa na vumbi kuliko ndia ya punda, halafu wanasema wametapeliwa. Na wako wale wa vichochoroni, ambao nimeshawasema na nikiwasema tena nitakosa usingizi.

Ukuta ulionichosha kuliko kuta zote za maisha yangu ulikuwa wa Bi Mwanaesha. Bi Mwanaesha ni mjane, mtu mzima sana, mwenye ulimi mkali na moyo dhaifu, na moyo nasema ule wa daktari. Nyumba yake ni ya mawe, ya wazee wake, yenye kuta nene ambazo ndani yake hujui kama nje kuna jua. Angeishi humo kwa raha mpaka mwisho wake. Lakini mwanawe Fahimu, aliye na biashara Mombasa na anayempenda mamake kwa mbali, aliona chini kuna unyevu. Akamjengea chumba juu ya dari ili apate upepo. Alikijenga kwa matofali membamba ya saruji. Ukuta wa magharibi hakuuwekea dirisha hata moja, na hapo hakukosea, maana ukuta huo unatazama kiwanda cha jirani, ua wake wa ndani. Jua la alasiri likawa halina kizuizi wala pa kutokea. Niliingia mara ya kwanza saa hizo, nikaweka kiganja kwenye ukuta kwa ndani, nikakiondoa. Kikongwe analala kitandani amejilaza upande, anajipepea kwa kipepeo cha ukindu.

Daktari alikuwa ameshasema kwamba kwenye joto lile moyo wake hautastahimili. Fahimu akasema basi, atamhamishia Mombasa, kwenye nyumba yake yenye mashine za baridi. Bi Mwanaesha akasema, "Mimi siendi. Nimezawa katika nyumba hii na nitatoka humu kwa jeneza." Nikasema basi ateremke chini. Akasema ngazi zimemshinda kupanda na kushuka kila siku, na chini unyevu unamtia kifua. Kwa hivyo ama chumba kipoe, ama achukuliwe kwa nguvu na mwanawe, akafie mji asiokuwa na mtu wa kumwita kwa jina la utotoni. Yeye mwenyewe alinambia hivyo, tena bila kulia, kana kwamba anaagiza sukari.

Fahimu akaleta rangi ya kurudisha jua kwa mashua, madebe mazima, kahawia iliyoiva kama haluwa, aliyoichagua kwenye kitabu cha mwuzaji. Nikafurahi. Kisha akanipigia simu akanambia nianze na mbele ya nyumba.

"Mbele hakuna jua, Bwana Fahimu," nikamwambia. "Mbele ni kichochoro."

"Fundi, mbele ndiko watu wanakopita. Anza na mbele, halafu ikibaki utafanya huko nyuma."

"Mamako yuko huko nyuma."

"Wewe paka tu, fundi. Hiyo ni teknolojia ya kisasa, joto la nyumba nzima litashuka."

Nilipaka. Nilipaka kwa hasira, kipande cha upana wa mlango, na bado nilikuwa nanung'unika alipotokea bwana mmoja wa ofisi inayoangalia nyumba za mji wa kale. Akasimama, akaitazama ile haluwa ukutani. Akasema kwa upole kwamba mbele za nyumba za mawe ni chokaa, na kahawia ile hairuhusiwi. Sijawahi kumpenda mtu wa ofisi kama nilivyompenda yule. Nilimpigia Fahimu simu nikiwa bado nimemshika mkono bwana yule asije akaondoka. Kwa hivyo madebe karibu yote yakabaki kwa ukuta wa magharibi. Nilidhani shida imekwisha.

Ukuta wa magharibi, nimesema, unatazama kiwanda cha jirani. Jirani ni Bi Rukia, mjane mwenziwe, anayeishi na mabinti na wakaza wana. Zamani nyumba mbili hizi zilikuwa za ndugu, na kati yao mlikuwa na mlango wa ndani ambao wanawake walipitia bila kutoka nje. Bi Rukia na Bi Mwanaesha wamekua pamoja kwenye mlango ule. Lakini chumba cha juu kilipojengwa, Bi Rukia hakuwepo wala hakuulizwa. Alivyonieleza mwenyewe kutoka nyuma ya pazia: "Nimekwenda Pate kumzika ndugu yangu. Nimerudi nimekuta ukuta." Ukuta ulimzibia upepo. Alikwenda kusema, akajibiwa na Bi Mwanaesha, na Bi Mwanaesha akijibu hapimi. Maneno yalipozidi Fahimu alimleta fundi mwingine akauziba ule mlango kwa matofali. Tangu hapo hawakusemezana.

Nikabisha hodi, nikakaribishwa ukumbini, nikasema haja yangu kwa pazia. Nataka kusimamisha jukwaa kiwandani kwake nipake ukuta wa jirani.

"Rangi gani?" akauliza.

"Rangi ya kurudisha jua, Bi."

"Yarudisha yua?"

"Ndiyo."

"Yalirudisha wapi?"

Nilikuwa nimeizungumzia rangi hiyo na watu wengi, wakiwemo waliosoma na wanaoiuza, na hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo.  Ukuta ule ukilitupa jua, utalitupa kiwandani kwake, penye mafiga yake. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kwamba ingekuwa nyeupe ingemtia kiwi cha macho, hii ya kahawia haitamwumiza macho, lakini joto kiasi litamfikia, na sitamdanganya. Nikamwahidi kumjengea banda la makuti juu ya meko. 

"Rangi ya haluwa," akasema. "Haluwa ni ya kula. Mimi niitazame ukutani kila siku?"

"Imeshanunuliwa, Bi."

"Haya. Banda nalitaka. Na mwenye ukuta aniombe kwa kinywa chake."

Nikarudi juu kwa Bi Mwanaesha. Akasema ukuta ni wa Fahimu, aombe Fahimu. Nikampigia Fahimu, akasema yuko tayari kuomba. Nikarudi kwa Bi Rukia na simu mkononi. Akasema yeye hasemi na simu, asema na watu. Nikapanda tena. Bi Mwanaesha akaniuliza Bi Rukia amesema nini hasa, kwa sauti gani, na alikuwa anafanya nini. Nikamwambia kwamba mimi ni fundi wa rangi. Akasema, "Basi mwambie amenuna kama mamake." Sikumwambia. Siku nzima nilipanda na kushuka ngazi zile, madebe yamekaa kivulini hayajafunguliwa, na kila nikiingia chumbani kile naona kipepeo kinakwenda polepole zaidi. Niliwakasirikia wote wawili. Nilimkasirikia Fahimu, nikamkasirikia na aliyegundua saruji.

Siku ya pili yake, alasiri, Bi Mwanaesha alizimia. Msichana anayemhudumia alipiga ukelele uliosikika mpaka baharini. Tukamteremsha kwa kitanda, tukampepea ukumbini, akafungua macho, akauliza nani amemvua ushungi. Fahimu aliposikia akasema anakuja mwenyewe wiki ya pili yake, na akija haondoki bila mamake. Niko pale nimekaa chini, nimechoka, akaja binti wa nyumba ya pili, amejifunika, akasimama mlangoni. Akasema ametumwa na Bi Rukia. Maneno aliyotumwa ni haya: "Fundi apake."

Sasa sikilizeni vijana, kwa maana hapa ndipo kazi ilipo. Ukuta wa magharibi haupakwi alasiri. Jua likiwa juu yake rangi inakauka kwenye brashi kabla haijashika, inafanya mistari, na baadaye inachanika. Unapakwa asubuhi, ukiwa kivulini bado. Na asubuhi ndiyo saa ambayo wanawake wa Bi Rukia wanapika kiwandani. Mimi siwezi kuwepo wakipika, nao hawawezi kupika nikiwepo. Tena jukwaa ni maboriti ya mikoko, marefu na machafu, na kuyapitisha ukumbini kwa Bi Rukia mbele ya mabinti ni jambo ambalo hata kulitamka niliona haya. Ndia ilikuwa moja tu, ule mlango wa ndani uliozibwa. Nikapeleka habari pande zote mbili. Bi Rukia akajibu, "Afungue. Lakini mimi ntapika wapi?" Na Bi Mwanaesha, bado amelala ukumbini na kitambaa cha maji usoni, akasema pasina kufungua macho, "Apike kwangu. Asinisemeze."

Nikayavunja yale matofali, nikayapanga pembeni. Kila asubuhi Bi Rukia na watu wake walipita mlango ule kwenda jikoni kwa Bi Mwanaesha na masufuria yao, kisha nikaita hodi yangu, nikapita mimi na maboriti kwenda kiwandani, na pazia likashushwa. Nilikwangua ukuta, nikauosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, nikaziba nyufa, nikapaka rangi ya msingi, nikaiacha ikauke, nikapaka mkono wa kwanza na wa pili. Kazi ile niliifanya vizuri. Nasema vizuri kwa sababu sikuwa na mtu wa kuniharakisha, wote walikuwa jikoni.

Na jikoni nilikuwa nawasikia, Bi Mwanaesha naye akiwamo, maana hakurudishwa juu mpaka kazi iishe. Mwanzo walisemezana kupitia yule msichana. "Mwambie huyo nazi haikamuliwi hivyo." "Mwambie mwenye nyumba nimekamua nazi kabla yeye hajavaa ushungi." Msichana akawa hana haja ya kurudia, maana wamekaa meko mamoja, lakini alirudia neno kwa neno, maskini, mpaka akachoka, akanyamaza. Kisha wakawa wanagombana moja kwa moja. Waligombana juu ya mtele, juu ya bamia, juu ya harusi ya mtu aliyekwisha kufa, juu ya nani alimtupia nani ndoo ya maji walipokuwa wadogo. Kelele zilikuwa nyingi hata nikakosea ukingo wa juu mara mbili. Nilikuwa juu ya jukwaa, brashi mkononi, nikimwomba Mungu anipe masikio ya kufunga kama anavyotupa macho.

Nilipomaliza, nikajenga banda la makuti niliyoahidi. Siku mbili baadaye, saa za alasiri, nikapanda chumbani nikaweka kiganja changu kwa ndani, pale pale. Nilikiacha. Ukuta ulikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa, basi. Nilikaa kitandani kwa Bi Mwanaesha peke yangu, na nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Dari lilikuwa bado linatoa moto wake, na hilo nililiandikia Fahimu, kwamba anunue nyeupe kwa ajili ya juu, ambako hakuna jirani wa kutiwa kiwi. Amenijibu kwamba atafikiria. Bado anafikiria.

Fahimu alikuwa amenipa agizo jingine kwa simu: kazi ikiisha niuzibe mlango kama ulivyokuwa, asikute fujo. Siku aliyofika nilichanganya saruji kwenye karai nikaibeba mpaka pale mlangoni. Yeye alishuka mashua akaja moja kwa moja na mkoba wa kumpakilia mamake nguo. Tukapanda pamoja. Akagusa ukuta, akagusa tena kwa kiganja kizima, uso ukamfunguka. Akanishika bega la kulia, ambalo lilikuwa limeshaanza kuniuma, nikavumilia.

"Fundi, umeniokoa. Mama yuko wapi?"

Sikujua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kimenyooka, hakina dalili ya mtu.  Msichana akatuambia kwamba tangu kazi iishe Bi Mwanaesha hupanda kulala usiku tu, akishikwa mkono, na alfajiri anataka kuteremshwa. Ngazi ambazo zilikuwa zimemshinda.

Tulimkuta kiwandani kwa Bi Rukia. Alikuwa amekaa juu ya mkeka chini ya banda langu la makuti, mgongo kwa ukuta wa haluwa, mahali pale pale ambapo lile joto lote nililolihangaikia linatupwa. Anachambua mchicha. Bi Rukia aliposikia hodi ya mwanamume alijitoa nyuma ya pazia, lakini mkeka upande wake ulikuwa bado una alama ya alipokaa, na bakuli lake la mchicha limebaki. Jasho linamtoka Bi Mwanaesha kwenye paji la uso, na kipepeo kiko pembeni, hakukigusa.

Fahimu alichutama mbele yake, akambusu mkono. "Mama," akasema, "nimehangaika nimekutia rangi ukuta mzima. Nimegusa mwenyewe, chumba kimepoa. Hapa kuna joto. Mbona hukai chumbani kwako?"

Bi Mwanaesha aliutikisa mchicha, maji yakamrukia mwanawe kwenye kanzu.

"Chumba kizuri, mwanangu. Kimepoa, Mungu akuzidishie." Akachukua tawi jingine. "Lakini hamna mtu ndani."

Fahimu alikaa chini pale pale, kwenye sakafu, na mkoba wake mtupu mapajani. Nyuma ya pazia Bi Rukia alikohoa, akauliza kama mgeni atakula. Nilisimama mlangoni nikingoja mtu anambie niuzibe ama nisiuzibe, na hakuna aliyenitazama, na saruji ikanigandia karaini. Nikaibeba nikaenda kuitupa.